Maharagwe Niliyoyafunga Shali ya Mtoto

Kuna aibu mtu anaweza kuificha, akanyamaza nayo mpaka watu wakasahau, lakini yangu mimi ilinikuta barabarani mchana kweupe, mbele ya mama mkwe wangu na chama chake chote, kwa hivyo sina cha kuficha, afadhali mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjaletewa na wengine, maana huko Malaba kila anayeisimulia anaongeza chake (kuna mmoja anaapa kwamba nililia kwa sauti, sikulia kwa sauti).

Kwa asiyenijua, mimi ni Wandera, fundi wa nguo. Kwetu ni Matayos, lakini cherehani yangu iko Malaba, kwenye kibaraza kando ya barabara ambapo malori hupanga foleni kungoja kuvuka kwenda Uganda, na nyumba yangu ni vyumba viwili vya mabati nyuma ya soko. Nyumba ya mabati mnaijua. Mchana inawaka kama tanuri, asubuhi inakuwa baridi, na mvua ikinyesha ikabidi jiko liingie ndani, mnatoka huko macho mekundu mnanuka moshi kama samaki wa kukaushwa. Sasa mwaka huu makaa yakawa shida. Yale yaliyokuwa yakitoka ng'ambo yakaanza kuja kwa kubahatisha, na mke wangu Amoit, ambaye alikuwa na mtoto mchanga wa kunyonyesha, akawa anakohoa kila akipika maharagwe, kwa sababu maharagwe hayana huruma, yanataka kuchemka mchana mzima, na yakimaliza mkebe mmoja wa makaa yanakuangalia kama yanauliza wa pili uko wapi.

Hapo ndipo nikashikwa na ule wazimu wa kuokoa. Nikaanza na dari: nilishona magunia matupu yakawa kitambaa kimoja kikubwa, nikakitandaza chini ya mabati, na nawaambia kweli, joto la mchana lilipungua mpaka jirani akaja kuuliza kama tumenunua feni. Nikaziba mianya iliyo kati ya ukuta na bati. Nikalikandika jiko upya kwa udongo wa kichuguu. Halafu nikatengeneza kapu.

Hili kapu ndilo lenye kesi. Ni kapu kubwa la kawaida la sokoni, nikalijaza ndani vipande vya sponji, masweta yaliyochakaa na mabaki ya vitambaa vya kazini, nikashona mto mnene wa kufunika juu. Unachemsha maharagwe yaliyolowekwa, yachemke kidogo tu vizuri, unaepua sufuria ikiwa bado inatokota, unaitumbukiza kwenye kapu, unafunika, unaondoka kwenda zako. Hakuna moto, hakuna moshi, yanaendelea kuiva yenyewe kwa joto lao. Sharti ni moja, usifungue. Ukichungulia tu, joto limetoka, na kazi yote imekuwa bure.

Amoit alipoenda kwao Moding kumsalimia mama yake akalitaja hilo kapu mbele ya chama cha akina mama, wakamcheka. Walisema mwanaume wa Kiluhya amemdanganya binti yao kwamba chakula kinaiva bila moto. Mama mkwe hakucheka, lakini alisema neno moja ambalo Amoit alinipigia simu kunieleza: basi alilete tuone, na tulifungue sisi wenyewe. Nikajibu nitalileta, tena maharagwe yataingia kwenye kapu Malaba yakiwa magumu na yatatoka Moding yakiwa laini, na hakuna mkono utakaogusa kifuniko njiani.

Lazima mwelewe uzito wa hilo jambo. Huku kwa Wateso, mkwe na mama mkwe hawazoeani. Tangu nimwoe Amoit sijawahi kumpa yule mama mkono, tunasalimiana kwa mbali kila mtu akitazama pembeni, na nikiingia bomani kwake yeye anapitia upande ule mwingine. Kwa hiyo kwangu yale hayakuwa maharagwe. Yalikuwa ndiyo mazungumzo yangu ya kwanza na yeye.

Siku yenyewe Amoit alikuwa ametangulia na mtoto tangu jana yake. Nikachemsha maharagwe yangu, yale mekundu yenye mchuzi mzito, nikayatumbukiza, nikafunika, na hapo nikaona mto wa juu haujakaa sawa, kuna mahali mvuke unapenya. Nikatafuta kitu cha kuzungushia. Blanketi lilikuwa kwenye kamba, limelowa. Kilichokuwa kikavu ndani ya nyumba nzima ni shali moja ya mtoto wetu, ile nyeupe yenye manyoya, yenye kofia pembeni, ambayo Amoit aliiacha kwa kuwa ni nzito. Nikaizungusha kwenye kapu vizuri, nikaikaza, na nikaona kofia inaning'inia, nikaifunika juu ya mto na kuibana. Nilirudi nyuma nikaitazama kazi yangu, nikaridhika kabisa.

Kevo wa pikipiki ndiye alinipakia. Kevo ni mteja wangu, hata suruali aliyovaa siku hiyo niliipunguza mimi miguu. Nikakaa nyuma nimelipakata kapu mapajani, mkono mmoja chini na mwingine juu, kwa sababu likilala upande mchuzi unamwagika, na njiani kila tukipita kwa watu naona wanawake wanatugeukia wanatabasamu, na mimi (jamani, akili yangu ilikuwa wapi) narudisha tabasamu nikidhani labda ni shati langu.

Tukiwa hatuko mbali na Moding, pale kwenye maduka machache ya barabarani, gurudumu likapata pancha. Kevo akasema nikae kibarazani nisubiri, akavuta pikipiki kando akaanza kufungua tairi. Barabara ilikuwa mbovu, tulikuwa tumerushwa sana, na mimi sikujua kwamba huko ndani sufuria ilikuwa imeanza kumwaga. Nilikaa kwenye benchi, kapu mapajani, nikasikia tu paja limepata joto.

Pembeni yangu alikuwa mama mmoja anayeuza matoke na nyanya, mtu wa ng'ambo kwa usemi wake, mama mchangamfu tu. Akanisalimia. Akaniambia ni vizuri kuona baba anabeba mtoto. Nikacheka. Akasogea, akaweka kiganja juu ya ile kofia, halafu akakitoa haraka.

"Ssebo," akasema, akiniita bwana kwa Kiganda, "huyu mtoto anaungua. Mfunue kidogo apumue."

Hapo, wenzangu, ndipo ningesema tu kwamba ni maharagwe. Neno moja, basi, tungecheka wote, na leo nisingekuwa na hadithi. Lakini mimi nina mdomo wa kibarazani, nimezoea kutaniana na wateja mchana kutwa, na nilikuwa na furaha, na utani ukanijia nikauona mtamu.

"Huyu hafunuliwi, nyabo," nikamwambia, nami nikimwita bibi kwa Kiganda hichohicho. "Nikimfunua anaharibika. Tukifika pale mbele tunamla."

Hakucheka. Nikangoja acheke, hakucheka. Alikuwa haniangalii mimi tena, anaangalia chini ya kapu, na mimi nikafuata macho yake, nikaona shali nyeupe imeanza kubadilika rangi. Mchuzi wa maharagwe mekundu ulikuwa unapenya, unashuka polepole, unadondokea kwenye suruali yangu na kwenye kibaraza cha sementi. Na nawaambia ukweli, hata mimi mwenyewe niliyeyapika, ule wekundu kwenye ile shali ulinishtua.

Yule mama hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alinyanyuka, akarudi nyuma nyuma mpaka akafika barabarani, akamwambia mwanaume mmoja kitu kwa sauti ya chini, na yule akamwambia mwingine. Wiki hizo kulikuwa na uvumi wa watu wanaoiba watoto, hakuna aliyejua ulianzia wapi, kila mtu aliusikia kwa mtu. Kabla sijafikiria nianze kueleza nini, kibaraza kilikuwa kimejaa. Sijui walitoka wapi. Dakika iliyopita barabara ilikuwa tupu, kuna kuku tu.

Wakaniuliza nimebeba nini. Nikasema maharagwe. Mmoja akauliza tangu lini maharagwe yanavalishwa kofia, na kweli ukilitazama lilikuwa swali la haki. Nikaanza kueleza habari ya kapu, na sponji, na kuokoa makaa, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia nikisema upuuzi, eti chakula kinaiva bila moto, eti hakifunguliwi, nani angeniamini? Jamaa mmoja mrefu akanishika mikono kwa nyuma. Kapu likabaki kwenye benchi, linadondosha.

Wakamgeukia Kevo, wakamuuliza huyu mtu umemtoa wapi. Kevo alikuwa amechutama na tairi mkononi. Akaniangalia. Mimi nikamwangalia kama mtu anayetazama mlango wa nyumba yake.

"Mimi nilimbeba tu kama abiria," akasema. "Simjui."

Mpaka hapo nilikuwa nadhani ni kutoelewana, kwamba mambo yatanyooka. Lakini Kevo aliposema hivyo nikaelewa kwamba pale hakuna mtu ananijua, kwamba mtu anaweza kuwa fundi, baba, mkwe wa watu, na kufumba na kufumbua akawa si chochote. Nikaona wengine wameokota mawe, wameyashika tu kimya, kama watu wanaoshika mwavuli wakingoja mvua. Na sauti moja nyuma, ya utulivu kabisa, ikauliza kama ile pikipiki ina petroli.

Nikaanza kuwaomba wafungue. Mimi ambaye nilikuwa nimeapa hakuna mkono utakaogusa kifuniko, nikawaomba kwa Mungu wao wafungue kapu waone. Na hapo likatokea jambo ambalo nikilikumbuka mpaka leo sijui nicheke au nifanye nini, hakuna aliyetaka kulifungua kapu. Mmoja alisogea, akanyoosha mkono, akaurudisha. Yule mama wa matoke alikuwa amekaa chini ameficha uso kwenye leso yake. Walikuwa tayari kuniua kwa kilichomo, lakini hakuna hata mmoja aliyetaka kuwa wa kwanza kukiona.

Sasa, habari ya mwizi wa watoto haingoji. Ilishafika kwenye boma la mama mkwe, ambako chama kilikuwa kimekaa kinangojea kapu, na wale akina mama wote wakainuka wakaja mbio kumwona mwizi. Nikawaona wanatokea kwenye njia ya mahindi, wamevaa vizuri, wengine bado wana vikombe vya chai, na katikati yao Amoit, mtoto mgongoni.

Watu wakawapisha. Amoit akafika mbele, akaona kwanza kapu. Akaiona shali. Sijawahi kuona uso wa mtu ukiondokwa na damu namna ile. Mkono wake ukaenda nyuma, ukapapasa mgongoni, ukamgusa mtoto kichwani, ukamgusa miguu, ukarudi tena kichwani. Mtoto alikuwa pale, amelala. Lakini mkono haukuweza kumwambia, akawa anapapasa tu.

"Hiyo shali ni ya mtoto wangu," akasema.

Mnaweza kufikiria hilo lilisaidia namna gani. Umati ukavuma. Yule aliyenishika mikono akakaza mpaka bega likalia. Nikamwita Amoit, na ndipo akainua macho akaniona ni mimi, akabaki amesimama palepale.

Aliyetembea ni mama mkwe. Mwanamke mfupi, mwembamba, hana haraka. Alipita katikati ya watu, akanipita mimi karibu sana kiasi kwamba ncha ya leso yake ilinigusa mkono, mwanamke ambaye hajawahi kukaa upande mmoja wa mti na mimi, akapiga magoti mbele ya benchi. Hakuuliza mtu. Akafungua lile fundo nililolikaza, akaikunja kofia pembeni, akaondoa shali iliyolowa akaiweka kando, akainua mto, halafu akashika kifuniko cha sufuria kwa pindo la gauni lake.

Mvuke ukapanda. Ukapanda mwingi, mweupe, na harufu ikafika kabla ya kitu chochote, harufu ya maharagwe na kitunguu na nyanya, na watu wote wakanyamaza hivi kwamba nilisikia mawe yakiwekwa chini, moja moja, kwa adabu.

Mama mkwe akachota punje kwa vidole. Akaibonyeza. Ikabonyea. Akaitia mdomoni, akatafuna taratibu, na ule umati mzima ulikuwa unaangalia shavu lake likisogea, na mimi nikiwa bado nimeshikwa mikono kwa nyuma kama mhalifu.

"Yameiva," akasema. Akameza. "Chumvi ndiyo hakuna."

Yule jamaa mrefu alikuwa ameniachilia, sikuwa na kitu cha kunishika, nikaketi kwenye sementi, na watu waliokuwa karibu kunichoma moto wakaanza kucheka, kwanza kicheko kidogo, halafu kikakamata kila mtu, wakacheka wakishikana mabega. Nilipojaribu kuinuka nikakumbuka suruali. Mchuzi ulikuwa umelowesha mbele yote, mapajani kote, na mimi nimesimama hivyo mbele ya mama mkwe wangu na chama chake (na mpaka leo kuna watu kule wanaoamini kwamba haukuwa mchuzi, na siwezi kuwapelekea ushahidi). Amoit akafungua leso yake ya pili akanifunga kiunoni. Usiku wa siku hiyo alinigeuzia mgongo, na sikumlaumu.

Maharagwe yaliliwa palepale. Mwenye duka alitoa sahani na chumvi, akina mama wakaonja, wakabishana kama yangeiva zaidi kama barabara ingekuwa nzuri. Yule mama wa matoke alikula akilia, akaniomba msamaha, nikamwomba na mimi, akataka nimweleze sponji inawekwa unene gani. Nikamweleza. Nilikuwa naongea kuhusu sponji huku meno yakigongana.

Mama mkwe alirudi kwenye mila yake hapohapo. Akasimama mbali, akatazama pembeni, akamwambia Amoit, ili mimi nisikie, kwamba anataka kapu moja la kwake, lakini lishonewe kitambaa cheusi.

Kevo alikuja kibarazani kwangu baada ya siku kadhaa. Hakuwa na nguo ya kushonwa. Alisimama akichezea funguo, akaniambia, fundi, siku ile ningesema nakujua wangetuchoma wote wawili. Nimejiuliza mara nyingi kama mimi, ningekuwa mimi niliyechutama na tairi, ningesema nini, na kwa sababu jibu lenyewe silipendi, nilimpa kiti, tukanywa chai.

Kapu bado tunalitumia. Amoit hakohoi tena, na makaa yetu sasa yanakaa kweli. Lakini niliapa mambo mawili. La kwanza, sitanii tena na mtu nisiyemjua juu ya kitu asichokiona, hata utani uwe mtamu kiasi gani utabaki mdomoni mwangu. La pili, kila nikitoka na lile kapu kumpelekea mtu chakula, na mtu yeyote, mkubwa kwa mdogo, akinisimamisha akaniuliza nimebeba nini, simwelezi habari ya joto wala ya kuiva. Naliweka chini, nafungua, na aangalie mpaka atosheke. Joto litoke tu. Yakibaki magumu, tutayatafuna hivyohivyo.